Walitoka Kanisani na Biblia Mkononi

Wazee wakisema sisi ndio kizazi cha kwanza kuhama kanisa, manze, waulizeni kuhusu 1929.

Mwaka huo wamisionari wa Uskoti, na wenzao wa misheni zingine Ukikuyuni, waliwaambia waumini wabonyeze kidole gumba kwa karatasi ya kukana tohara ya wasichana. Waliobonyeza wakaitwa kirore. Wengi walikataa, wakatoka na watoto wao wakawatoa shuleni.

Tuelewane: ukeketaji ni ukatili, siutetei hata kidogo. Kinachonishangaza ni kwamba walitoka na Biblia. Agano Jipya la Kikikuyu lilimwita Bikira Maria "muiritu", na kwao hilo ni jina la msichana aliyeshatahiriwa. Wakauliza: mbona mnatukataza, na Maria mmemwandika hivyo nyinyi wenyewe? Hoja mbovu, sawa. Lakini mtu aliyeachana na imani hapekui Agano Jipya neno kwa neno hivyo.

Wakajenga shule zao na makanisa yao. Shida ikawa mapadre. 1935 akaja askofu mkuu mweusi kutoka Afrika Kusini, Daniel William Alexander, akawafunza na kuwawekea wakfu wa kwanza. AIPCA na Othodoksi ya Kenya zina mizizi hapo. Mkoloni alizifunga wakati wa Mau Mau, zikarudi.

Hao ndio walioitwa waasi. Leo kitukuu wao anaomba kimya kimya ndani ya matatu, earphone masikioni, na nyumbani anaitwa mpotevu.