Bustani za michungwa za Unyanyembe

Bustani za michungwa za Unyanyembe zilikuwa bustani ndogo za michungwa, milimau na miti mingine ya matunda zilizopandwa na wafanyabiashara Waarabu kuzunguka nyumba zao huko Tabora na Kwihara, magharibi mwa Tanzania ya leo, katika zama za misafara ya karne ya 19. Unyanyembe ilikuwa dola ya Wanyamwezi, na Tabora (wakati ule ikiitwa pia Kazeh) ilikuwa kituo kikuu kati ya Bagamoyo na Ujiji.

Historia ya bustani hizo ina pande mbili. Upande mmoja ni safari ndefu ya tunda la Asia hadi katikati ya Afrika. Upande wa pili ni kazi ya watu waliozilima, wengi wao wakiwa watumwa, kwa kuwa katika nchi yenye kiangazi kirefu mti wa namna hii hauishi bila mtu wa kuumwagilia.

Asili ya matunda

Miti ya jenasi Citrus, katika familia ya Rutaceae, ina asili yake Asia, kwenye maeneo ya chini ya milima ya Himalaya na kusini-mashariki mwa bara hilo. Aina nyingi zinazolimwa leo ni chotara za kale. Chungwa tamu limetokana na balungi na chenza. Danzi, yaani chungwa chungu, nalo limetokana na wazazi hao hao. Limau ni chotara la danzi na balimu.

Mwandishi Mwarabu al-Masudi, aliyewahi kufika pwani ya Afrika ya Mashariki, aliandika kwamba mdanzi uliletwa kutoka Uhindi baada ya mwaka 300 wa Hijria (yaani 912 BK), ukapandwa kwanza Omani, kisha Basra na Shamu. Omani ndiko walikotoka wengi wa wafanyabiashara waliokuja kukaa Tabora miaka 900 na zaidi baadaye.

Kufika pwani ya Waswahili

Matunda haya yalikuwa ya kawaida pwani muda mrefu kabla ya misafara ya bara. Ibn Battuta, aliyepita mwaka 1331, alitaja malimau miongoni mwa matunda ya Mombasa, na huko Mogadishu alikaribishwa wali uliosindikizwa na achari ya malimau, tangawizi mbichi na maembe.

Mwezi Aprili 1498 mfalme wa Mombasa alimpelekea Vasco da Gama kondoo, machungwa, malimau na miwa. Mabaharia wa Kireno walikuwa wakiugua kiseyeye, ugonjwa unaotokana na kukosa vitamini C. Waliporudi kutoka Uhindi na kutia nanga Malindi mnamo Januari 1499, wagonjwa waliomba machungwa.

Safari ya kwenda bara

Kutoka pwani hadi Tabora ulikuwa mwendo wa miezi. Richard Burton na John Speke waliingia Kazeh tarehe 7 Novemba 1857, siku ya 134 tangu waondoke pwani. Henry Morton Stanley aliondoka Bagamoyo mwezi Machi 1871 akafika Unyanyembe mwezi Juni. Njia kuu ilipita Mpwapwa, Ugogo na nyika kavu ya Mgunda Mkali kabla ya kuingia Unyamwezi. Mizigo ilibebwa na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, kila mmoja akichukua karibu kilo 30.

Urefu huo wa safari una maana kwa historia ya miti. Mbegu za jamii ya mchungwa haziwezi kuhifadhiwa kama mtama au mahindi, kwa sababu zikikauka kabisa hufa. Zilipaswa kufika zikiwa na unyevu, ndani ya tunda au kama mche. Hata hivyo mbegu hizo zina faida moja. Katika aina nyingi, mbegu moja hutoa machipukizi zaidi ya moja, na mengi kati yake hufanana kabisa na mti mama. Kwa hiyo mtu aliyepanda mbegu ya chungwa tamu, bila ujuzi wa kubebesha, aliweza kupata mti wa machungwa matamu, ingawa angesubiri miaka mingi kabla ya kuvuna.

Bustani za tembe

Nyumba za wafanyabiashara zilikuwa tembe, yaani nyumba za udongo zenye paa la bapa, zilizozunguka ua wa ndani. Stanley, katika kitabu chake cha mwaka 1872, anaeleza kwamba Waarabu wa Unyanyembe walipanda kando ya tembe zao machungwa, malimau, mapapai na maembe, na kwamba miti hiyo ilistawi vizuri kiasi. Anataja pia vitunguu, pilipili, matango, nyanya na mabilingani.

Bustani hiyo ilikuwa akiba ya jikoni. Ndimu na malimau yalitiwa chumvi na kuanikwa juani kuwa achari, ambayo pwani huliwa na wali na samaki. Kwa mtu aliyekaa bara kwa miaka, mti wa limau mlangoni ulimaanisha kwamba mapishi ya kwao yangeweza kuendelea.

Kwihara, kilomita chache kutoka mji wa Tabora, ndipo Stanley alipopewa tembe la kukaa. Alirudi hapo pamoja na David Livingstone mwezi Februari 1872, akaondoka mwezi Machi kuelekea pwani. Livingstone alibaki hadi Agosti mwaka huo akingoja wapagazi. Tembe hilo limejengwa upya na ni makumbusho.

Kazi ya watumwa

Mashamba na bustani za wafanyabiashara wakubwa wa Tabora yalilimwa kwa sehemu kubwa na watumwa. Misafara iliyopeleka pembe za ndovu pwani ilipeleka pia watu, na wengine waliachwa njiani kufanya kazi katika vituo kama Tabora. Kulima, kuteka maji na kubeba kuni zilikuwa miongoni mwa kazi zao.

Jambo hili hubadilisha namna ya kuueleza mti. Mwembe ukishakomaa hutafuta maji kwa mizizi yake mirefu na unaweza kuachwa bila kuangaliwa. Ndiyo maana miembe mikubwa ingali inaonekana Tabora, Ujiji na sehemu nyingine za njia ya zamani. Mizizi mingi ya mchungwa haiendi mbali chini. Tabora ina msimu mmoja wa mvua, takriban Novemba hadi Aprili, na miezi inayofuata ni mikavu. Mchungwa uliozaa kila mwaka katika karne ya 19 ulikuwa na mtu aliyeutekea maji katika miezi hiyo, naye kwa kawaida hakuwa mwenye tembe.

Biashara ya misafara ilififia baada ya utawala wa Kijerumani kuimarika na reli ya kati kufika Tabora mwaka 1912. Utumwa ulipigwa marufuku kisheria Tanganyika mwaka 1922.

Igunga na mpaka wa maji

Wilaya ya Igunga, katika Mkoa wa Tabora, iko kaskazini-mashariki mwa Unyanyembe, nje ya njia kuu ya misafara iliyopita kusini zaidi. Leo hupitiwa na barabara kuu ya kutoka Singida, inayoshuka mteremko wa Sekenke, kuvuka bonde la Wembere na kuendelea Nzega. Wakazi wengi ni Wanyamwezi na Wasukuma, na shughuli kuu ni ufugaji na kilimo cha mazao kama pamba, mpunga na mahindi.

Igunga huonyesha kwa nini bustani za michungwa zilikuwa chache katika ukanda huu. Udongo mweusi wa mbuga hutuama maji wakati wa masika na kupasuka wakati wa kiangazi. Mchungwa hauvumilii hali hizo mbili: maji yakituama, mizizi na shina huoza kwa ukungu, na udongo ukipasuka, mizizi midogo hukatika. Mahali panapofaa zaidi ni penye udongo wa kichanga kwenye miinuko, ambao Wasukuma huuita luseni, mradi pawe na maji ya kumwagilia. Bwawa la Mwanzugi, karibu na mji wa Igunga, hutumika kumwagilia mpunga. Mwanzoni mwa miaka ya 2020 maji ya Ziwa Viktoria yalifikishwa kwa mabomba katika miji ya Tabora, Igunga na Nzega.

Kuitambua miti

Anayetembelea bustani yenye aina mbalimbali anaweza kuzitofautisha hata kama hazina matunda, kwa kutazama kikonyo cha jani na kunusa jani lililofikichwa:

- Mbalungi: majani makubwa, kikonyo chenye mabawa mapana. Tunda ni kubwa kuliko yote na ganda lake ni nene.
- Mdanzi: mabawa ya kikonyo ni mapana kiasi, jani lina harufu kali. Tunda lina ganda lenye mikwaruzo na maji machungu.
- Mchungwa: mabawa membamba, maua meupe kabisa.
- Mchenza: majani madogo na membamba. Ganda la tunda humenyeka kwa vidole.
- Mlimau: kikonyo karibu hakina mabawa. Vichomozo vya maua na majani machanga huwa na rangi ya zambarau.
- Mndimu: mti mfupi wenye miiba mingi, majani madogo na matunda ya mviringo yenye ganda jembamba.

Machungwa mengi ya Afrika ya Mashariki hubaki na ganda la kijani hata yakiiva. Rangi ya manjano hutokea usiku unapokuwa na baridi ya kutosha kuvunja ukijani wa ganda, jambo ambalo ni nadra katika nyanda za chini za joto. Kwa hiyo rangi si kipimo cha utamu.

Ziara na kuonja

Ziara ya bustani inayojumuisha matembezi na kuonja imezoeleka zaidi Zanzibar. Katika mashamba ya viungo ya Kizimbani na Kidichi, kisiwani Unguja, watembeza wageni huwaonyesha karafuu, mdalasini na iliki, kisha huwakatia matunda ya msimu, yakiwemo machungwa na mabalungi. Tanzania bara, eneo linalojulikana zaidi kwa machungwa ni Wilaya ya Muheza katika Mkoa wa Tanga. Kwa upande wa Tabora, mgeni wa historia hii huanzia kwenye tembe la Kwihara. Mwaka 2006 Kwihara iliorodheshwa pamoja na Bagamoyo, Mpwapwa, Ujiji na vituo vingine katika orodha ya awali ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, kama sehemu ya njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu.

Kuonja hufuata mpangilio wa kutoka tamu kwenda chachu: chenza, chungwa, balungi, danzi, limau na mwisho ndimu. Ukianza na ndimu, ulimi hupoteza uwezo wa kutambua tofauti ndogo. Chungwa humenywa kwa kisu ganda la juu tu, likabaki na weupe wake, kisha hukatwa kichwa na kufyonzwa, au hukatwa vipande. Uchungu wa balungi uko zaidi katika ngozi nyembamba zinazotenganisha vipande, kwa hiyo huondolewa. Danzi haliliwi sana hivi hivi. Maji yake hutiwa sukari kuwa kinywaji, au hutumika badala ya ndimu katika mapishi.

Tunda la jamii hii haliongezeki utamu baada ya kuchumwa, tofauti na embe au ndizi. Gramu 100 za chungwa zina takriban miligramu 50 za vitamini C. Wanaotumia dawa fulani za shinikizo la damu au lehemu hushauriwa kumuuliza mtaalamu wa afya kabla ya kula balungi, kwa kuwa linaweza kuongeza nguvu ya dawa hizo mwilini.

Tishio kwa miti ya zamani

Hatari kubwa kwa michungwa duniani leo ni ugonjwa wa bakteria unaofanya majani yawe na mabaka ya manjano na matunda yabaki madogo, yaliyopinda na machungu. Hauna tiba, na mti ulioambukizwa hudhoofika hadi kufa. Huenezwa na wadudu wadogo wafyonzao majani machanga. Aina ya Kiafrika ya mdudu huyo hupenda nyanda za juu zenye ubaridi. Aina ya Kiasia, inayovumilia joto, ilionekana Tanzania katikati ya miaka ya 2010. Inzi wa matunda kutoka Asia, aliyegunduliwa Kenya mwaka 2003, huharibu matunda yenyewe.

Ugonjwa husafiri pia kwa vikonyo na miche. Kwa sababu hiyo mgeni haruhusiwi kukata tawi la kwenda kubebesha kwao, na visu vya kupogolea husafishwa kati ya mti mmoja na mwingine. Mti wa zamani unaozaa vizuri huzidishwa kwa kubebesha kikonyo chake safi juu ya mche mchanga. Mche uliobebeshwa huzaa mapema kuliko wa mbegu, na sifa za mti wa zamani hubaki hata shina la kwanza likifa.

Tazama pia

- Tabora (mji)
- Wilaya ya Igunga
- Wanyamwezi
- Mchungwa
- Mdanzi
- Mlimau
- Biashara ya watumwa
- Ujiji