Rangi inayokula moshi, na pointi zake

Wiki hii naweka programu kando, ndugu msomaji, tuzungumze rangi ya ukuta. Ndiyo, rangi ya ukuta.

Mwaka 1972 Wajapani wawili, Akira Fujishima na Kenichi Honda, waliandika katika jarida la Nature kwamba titani dioksidi ikipigwa na mwanga husaidia kupasua maji. Unga huo mweupe ndio hutiwa kwenye rangi za nyumba, kwa hivyo baadaye watu wakajiuliza: mbona ukuta usisafishe moshi wa magari? Mwanga ukiugonga unga huo, maji na oksijeni ya hewani huzaa kemikali kali sana. Hizo huigeuza NO ya moshi kuwa NO2, kisha naitreti, ambayo mvua huiosha.

Shida ya kwanza ni kwamba unga huo hutumia urujuanimno tu, sehemu ndogo ya mwanga wa jua. Mwaka 2001 Ryoji Asahi na wenzake wa maabara ya Toyota waliutia nitrojeni, ukaanza kutumia hata mwanga tunaouona kwa macho.

Shida ya pili ndiyo iliyoninasa mimi, mtu wa kompyuta. Makala nyingi zilijivunia NO iliyopotea. Lakini ikiishia njiani, ikaachiwa hewani kama NO2? Hiyo hudhuru mapafu zaidi! Mwaka 2014 Bloh, Folli na Macphee walipendekeza hesabu nyingine: NO ikiondoka pointi 1, NO2 ikitoka unakatwa 3. Piga mwenyewe. Ondoa NO tatu, moja itoke kama NO2: sifuri. Yaani ripoti inasema umefaulu, na aliye barabarani hajapata nafuu yoyote.

Na nje ya maabara? Mjini Brussels, kati ya 2011 na 2013, mradi wa PhotoPAQ ulipaka sehemu ya handaki la Leopold II na kuweka taa za urujuanimno. Upungufu haukuzidi asilimia 2. Taa zilikuwa dhaifu, unyevu mwingi, magari yakipeperusha hewa kabla haijagusa ukuta, na uchafu wa humo ukaudhoofisha unga wenyewe. Uingereza nayo, jopo la wataalamu wa serikali liliripoti mwaka 2016 kwamba ushahidi wa rangi hizi kusafisha hewa ya mji ni haba.