Kadi Yenye Kazi: Karatasi, Muhuri na Panchi katika Historia ya Ngara

Kutengeneza kadi ya salamu kwa mkono hakuhitaji mtaji mkubwa. Karatasi ya manila, mkasi, gundi, muhuri wa mpira uliochongwa kwa wembe, panchi ya kutobolea na utepe kidogo vinatosha. Penye migomba huongezwa maganda makavu, yanayokatwa na kubandikwa yakatoa sura ya mwanamke mwenye mtungi kichwani au ng'ombe mwenye pembe ndefu. Ndiyo sababu miradi mingi ya kuwainua vijana na akina mama Afrika Mashariki imeipenda kazi hii, na anayeyatazama mashamba ya migomba ya Mugoma, wilayani Ngara nchini Tanzania, ataona malighafi imejaa hadi inaozea shambani. Lakini wingi wa malighafi si soko. Hoja ya makala haya ni kwamba hapa kwetu, na Ngara hasa, kadi iliyobeba maneno matupu haikuota mizizi, wakati kadi iliyopewa kazi ya kufanya ilipokelewa, ikatunzwa na hata kugombewa. Anayetaka kujua kadi ya mkono itamfaa nani leo, aanze na historia hiyo.

Kadi ya Krismasi ya kuuzwa dukani ilizaliwa Uingereza. Mwaka 1843 Henry Cole, mtumishi wa serikali jijini London, alimwomba mchoraji John Callcott Horsley amchoree kadi ya Krismasi, zikachapishwa nakala 1,000 na kuuzwa shilingi moja moja. Miaka mitatu kabla ya hapo, mwaka 1840, Uingereza ilikuwa imeanzisha posta ya peni moja, na Cole mwenyewe alikuwa miongoni mwa walioipigania. Posta ilipokuwa rahisi, barua zilimiminika, na kila barua ilidai jibu. Kadi ilimwokoa mtu mwenye shughuli nyingi: alitia jina, akabandika stempu, deni la adabu likaisha. Mapambo kama karatasi iliyotobolewa ikafanana na lesi, maua ya kubandika na chapa zilizoinuka yalistawi juu ya msingi huo. Kadi ilihitaji posta ya bei nafuu, mtu wa kuifikisha hadi mlangoni, anwani ya kila nyumba, na ndugu waliotawanyika kiasi cha kutoweza kutembeleana.

Ngara haikuwa na masharti hayo. Bugufi, sehemu ya wilaya inayopakana na Burundi, ilihusiana kwa muda mrefu na ufalme wa Urundi, na mipaka ya wakoloni baada ya Vita Kuu ya Kwanza ndiyo iliyoiacha upande wa Tanganyika. Vijiji vilikaa juu ya vilima, nyumba zikiwa katikati ya migomba, na posta ilipokuja haikwenda nyumba kwa nyumba. Ilikuja kama sanduku la barua, la shule, la parokia, la hospitali au la ofisi ya serikali, kisha barua ikasafiri mkononi mwa mwanafunzi, mwalimu au jirani hadi kwa mwenyewe. Salamu iliyofika kwa njia hiyo ilikuwa imekwisha kupita midomoni mwa watu kadhaa. Tena Wahangaza na Washubi, wenyeji wa Ngara, kama jirani zao wa Rwanda na Burundi, walikuwa na namna yao ya kusalimu nyakati kubwa. Aliyekwenda kumpongeza mzazi, kuozesha au kuhani hakwenda mikono mitupu: alichukua pombe ya ndizi, au chakula ndani ya kikapu chenye kifuniko kilichochongoka. Kikapu hicho, kilichosukwa kwa mishono myembamba na michoro ya pembe, kiliheshimiwa kwa kilichokuwa ndani na kwa kuwa kilimfunga mpokeaji: siku moja naye angerudisha. Kadi iliyosema heri tu, bila kubeba wala kudai kitu, ingeonekana pungufu mbele ya kikapu.

Wapo watakaosema kwamba sababu halisi ya kadi kutoota mizizi ilikuwa umaskini na kutojua kusoma, na kwamba mila zinasingiziwa bure. Hoja hiyo ina uzito kwa miaka ya mwanzo tu. Kampeni za elimu ya watu wazima zilibadilisha hali, na kufikia mwaka 1986 takwimu za serikali zilionyesha kuwa watu wazima 90 katika kila 100 nchini walijua kusoma na kuandika. Kama tatizo lingekuwa herufi, kadi zingefurika vijijini miaka hiyo. Zilinunuliwa, ni kweli, hasa mijini, wakati wa Krismasi, Idi na mitihani ya shule. Lakini zilibaki desturi ya watu wa mshahara na wa sanduku la posta, na simu ya mkononi ilipoingia zilitoweka haraka mno kwa kitu kinachodaiwa kuwa na mizizi.

Kuhusu umaskini, kanga inatosha kujibu. Mtu asiyenunua kadi ya bei ndogo alinunua kanga ya bei kubwa zaidi kwa ajili ya maneno yaliyoandikwa juu yake. Kanga za zamani za pwani zilipigwa chapa kwa vibao vya mti vilivyochongwa kwa mkono, kazi ileile ya muhuri na rangi anayoifanya mtengeneza kadi. Maneno yalipoanza kuwekwa mwanzoni mwa karne ya 20, kwanza kwa herufi za Kiarabu na baadaye za Kilatini, kitambaa kikawa barua. Duka la Kaderdina Hajee Essak, lililofunguliwa Mombasa mwaka 1887, lilijipatia jina kwa biashara hiyo. Mama wa Ngara anayepewa kanga siku ya harusi ya mwanawe anapokea salamu iliyochapwa, na kesho yake anaivaa, anabebea mtoto, anajifunika akienda msibani. Kwa hiyo fedha za kununua maneno mazuri zilikuwapo. Watu walitaka maneno hayo yakae juu ya kitu kinachofanya kazi.

Karatasi ngumu iliyogongwa muhuri na kutobolewa kwa panchi ilikuja Ngara kwa wingi wakati wa msiba mkubwa, mauaji ya kimbari ya Rwanda. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, katika muda wa saa 24, watu wanaokadiriwa kuwa 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda wakaingia wilayani. Kambi ya Benaco ikawa mji ndani ya siku chache, na wilaya ikawa na kambi nyingine, ikiwemo Lukole ya wakimbizi wa Burundi, iliyodumu hadi mwaka 2008. Palipo na mgao wa chakula kwa umati wa namna hiyo hutumika kadi ya mgao. Ukingoni huwa na namba au vyumba vidogo, na kila familia inapopokea mahindi, maharage na mafuta, mgawaji hutoboa tundu kwenye namba ya mgao huo ili isihudumiwe mara mbili. Haina ua wala utepe, lakini huhifadhiwa kuliko picha ya harusi: hufungwa kwenye plastiki na kushonewa ndani ya nguo, na katika kambi nyingi duniani hununuliwa, huuzwa na hughushiwa. Hata wenyeji ambao hawakuwa na kadi waliijua nguvu yake, kwa sababu chakula cha mgao kilifika kwenye masoko ya vijiji vilivyozunguka kambi, kikabadilishwa kwa ndizi, kuni na vibarua.

Msomaji makini atauliza kadi ya mgao inahusiana vipi na salamu. Kwa maudhui hazihusiani hata kidogo, na hakuna anayepaswa kuipamba shida ile. Kinachoziunganisha ni umbo na zana: karatasi ngumu, jina lililoandikwa kwa kalamu, muhuri, tundu. Kambi ziliwafundisha wakimbizi na wenyeji kwamba kipande cha karatasi kinaweza kumtambulisha mtu, kumpa haki na kutunza kumbukumbu ya alichopokea. Somo hilo halikuwa geni kabisa, kwa kuwa kadi ya chama na kadi ya kliniki zilikwisha kutunzwa sandukuni miaka mingi. Katika parokia za Wakatoliki, picha takatifu inayotolewa siku ya komunyo ya kwanza nayo huhifadhiwa ndani ya kitabu cha sala kwa sababu ni ukumbusho wa sakramenti. Zote hizo ni kadi, na zote zina kazi.

Mfano mwingine wa miaka hiyo unaikaribia zaidi salamu yenyewe. Familia zilipopotezana, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilisambaza katika nchi za Maziwa Makuu fomu za ujumbe wa kifamilia. Hazikufungwa ndani ya bahasha, ziliruhusu habari za ukoo tu, na zilipita mikononi mwa wafanyakazi wa Msalaba Mwekundu kabla ya kufika. Yaliyoandikwa yalikuwa machache: mimi ni mzima, fulani yupo, fulani hayupo, mko wapi. Kwa jicho la mpambaji ilikuwa karatasi duni, lakini ilisubiriwa kuliko kadi yoyote ya Krismasi, kwa kuwa ilithibitisha kwamba mtu yu hai na ilirudi na jibu. Salamu ya karatasi, basi, haikukataliwa. Ilipofanya kile ambacho mdomo haukuweza kufanya, ilithaminiwa mara moja.

Redio ilithibitisha jambo hilohilo kwa njia ya furaha zaidi. Kwa miongo mingi wasikilizaji wa Afrika Mashariki walinunua kadi za salamu kutoka vituo vya redio, wakajaza jina lao na anwani, orodha ya wanaowasalimu, ujumbe mfupi na wimbo wanaoutaka, kisha wakazipeleka kituoni ili mtangazaji azisome. Wapo waliopata majina makubwa kwa kazi hiyo tu, wakaunda vikundi vya watuma salamu na kutembeleana wakati wa harusi na misiba. Ngara yenyewe ilipata Radio Kwizera mwaka 1995, iliyoanzishwa na Shirika la Wajesuiti la Kuhudumia Wakimbizi, na kutangaza kukawa jambo la nyumbani. Tuitazame kadi ya redio kwa makini: anayesalimiwa hakuishika mkononi hata siku moja. Ilinunuliwa ili itumike, itamkwe mbele ya nchi nzima, kisha ibaki studio. Thamani yake ilikuwa katika kumpa mtu wa kijijini nafasi ya jina lake kusikika.

Tukija kwenye kadi inayotawala Tanzania leo, hoja inakamilika. Kadi ya mchango wa harusi, na kadi ya mwaliko inayoifuata, hutengenezwa kwa maelfu katika steshenari za miji midogo na mikubwa. Nyingi bado zinapita mkononi: manila hukatwa, hukunjwa, hutobolewa kwa panchi, hupitishwa utepe, hubandikwa ua la karatasi, na jina la mwalikwa huandikwa kwa kalamu. Kadi ya mchango inasalimu kwa heshima, inataja kamati, tarehe ya mwisho na namba ya simu ya mweka hazina. Kadi ya mwaliko inaandikwa "single" au "double", na mlangoni mwa ukumbi hukaguliwa na kutobolewa au kutiwa alama ili isirudi nje kumwingiza mwingine. Utaratibu huo una undugu na ule wa mgao: jina, haki, tundu. Una undugu mkubwa zaidi na kikapu, kwa sababu aliyechanga leo anajua naye atachangiwa. WhatsApp haikuiua kadi hii. Sasa hutumwa simuni ikiwa na msimbo wa QR unaosomwa mlangoni badala ya panchi. Umbo limebadilika na kazi imebaki.

Pingamizi zito kuliko yote ni karakana zilizofanikiwa. Neema Crafts ya Iringa, iliyoanzishwa mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana, ilianza na vijana wachache viziwi waliotengeneza karatasi kutokana na kinyesi cha tembo, ikakua hadi kuajiri watu wengi wenye ulemavu. Jijini Kigali, Cards from Africa iliwapa ajira vijana yatima waliokuwa wakilea wadogo zao, wakigeuza karatasi chakavu za ofisini kuwa kadi mpya. Je, hizi hazionyeshi kwamba kadi ya salamu tupu inalipa? Zimelipa, na waliozianzisha wanastahili sifa. Lakini wanunuzi wao wakuu wamekuwa watalii na watu wa Ulaya na Marekani, ambako desturi ya Cole ingali hai. Karakana hizo zilisimama kwa sababu zilikuwa na njia ya kuwafikia wanunuzi hao. Kikundi cha kijijini Ngara, mbali na hoteli za watalii na bila wakala wa nje, kikiiga bidhaa zao bila soko lao, kitabaki na maboksi ya kadi nzuri zisizo na mwenyewe.

Kwa hiyo walimu wa ufundi, maofisa maendeleo ya jamii na vikundi vyenyewe wasiulize tu namna ya kubandika ganda la mgomba likapendeza. Waulize kadi itafanya kazi gani siku ya harusi, ubatizo, kipaimara, mahafali na arobaini za Mugoma na vijiji jirani. Hizo ni shughuli ambazo watu tayari wanazilipia, na kadi zake huagizwa mijini wakati mikono na migomba ipo nyumbani. Ganda la mgomba lipambe kadi ya mchango, muhuri uliochongwa kwa mkono uwe alama ya kamati, panchi ikae mlangoni mwa ukumbi. Kadi ya namna hiyo haitamtegemea mtalii, na itakuwa na mnunuzi kila Jumamosi.