Ndoa ya Kinakomba na Maswali Matatu ya Ugenini

Kinakomba ni wadi ya eneo bunge la Galole katika Kaunti ya Tana River, na ni jina la mojawapo ya makundi ya Wapokomo waliolima kingo za Mto Tana kwa vizazi vingi. Kwa muda mrefu ndoa hapa ilithibitishwa na watu: wazazi waliokubaliana, mahari iliyopokelewa na wazee walioshuhudia. Leo mzaliwa wa Kinakomba mwenye uraia wa Marekani au Uingereza akitaka mumewe au mkewe amfuate huko, ushahidi huo haumtoshi. Yeye ndiye mdhamini, naye huulizwa mambo matatu: cheti cha ndoa kiko wapi, pato lako ni kiasi gani, na makazi yako ni wapi? Kila swali lilizaliwa kwa wakati wake.

Swali la cheti ndilo kongwe zaidi. Serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya ndoa mwaka 1902, ikaongeza ya Wakristo Waafrika mwaka 1904, kisha ya kusajili ndoa za Kiislamu mwaka 1906. Dini zote mbili zilikuwa na wafuasi bondeni: Wamethodisti walifungua kituo Golbanti katika miaka ya 1880, misheni ya Neukirchen ya Wajerumani ikafika Ngao mwaka 1887, na Uislamu ukaenea hasa kwa Wapokomo wa sehemu za juu za mto. Kwa hiyo waliooana kanisani au kwa kadhi waliweza kuandikwa, lakini waliooana kimila hawakuwa na daftari.

Kwa nini mila iliachwa nje? Maelezo ya kwanza ni dharau. Mwaka 1917, katika kesi ya Amkeyo, Jaji Mkuu Hamilton aliifananisha ndoa ya kimila na ununuzi wa mke, akakataa kumpa mwanamke aliyeolewa kimila haki za mke mahakamani. Maelezo ya pili ni kwamba wanajamii wenyewe hawakuhitaji karatasi, maana ugomvi wa ndoa uliamuliwa na wazee, ambao kwa Wapokomo baraza lao ni Gasa. Yote mawili yana ukweli, lakini hayalingani kwa uzito. Kijiji kutohitaji cheti hakukumzuia mtu kukitafuta, ilhali mahakama iliyoikataa ndoa yenyewe ilifunga njia ya kukipata.

Uhuru wa 1963 ulileta mipaka ya uraia, na pamoja nayo suala la nani anaweza kumleta nani. Katiba ya wakati huo ilimruhusu mke wa kigeni wa Mkenya kusajiliwa kuwa raia, lakini haikumpa nafasi hiyo mume wa kigeni wa mwanamke Mkenya. Sheria ilichukulia kwamba mke humfuata mume. Uingereza nayo iliwarahisishia wanaume waliohamia huko kuwaleta wake zao, huku ikiwabana wanawake waliotaka kuwaleta waume. Mwaka 1985 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliamua, katika kesi ya Abdulaziz, Cabales na Balkandali, kwamba huo ulikuwa ubaguzi wa kijinsia. Uingereza ilitii kwa kuwaondolea wanaume nafuu yao, si kwa kuwapa wanawake nafuu hiyo. Kenya ilichagua njia ya ukarimu zaidi: Katiba ya 2010 inampa mwenzi wa kigeni, awe mume au mke, haki ya kuomba uraia baada ya miaka 7 ya ndoa, na inamruhusu Mkenya wa kuzaliwa kubaki raia hata akipata uraia wa nchi nyingine.

Baadaye yakaja maswali ya fedha na makazi. Kwa sheria iliyopitishwa Marekani mwaka 1996, mdhamini hutia saini ahadi ya kisheria ya kumkimu mwenziwe, na kwa kawaida pato lake lifikie asilimia 125 ya kiwango cha umaskini. Anatakiwa pia kuwa na makazi Marekani. Raia wa Marekani anayeishi Hola au Doha hulazimika kuonyesha kwamba amehifadhi makazi yake Marekani, au kwamba atarejea kuyaanzisha kabla ya mwenziwe kuingia au pamoja naye. Uingereza iliweka kima cha pauni 18,600 kwa mwaka mnamo 2012, ikakipandisha hadi 29,000 mwaka 2024.

Serikali husema masharti haya hulinda fedha za umma, na wapinzani husema hutenga maskini. Tofauti ya nchi hizi mbili inasaidia kupima hoja hizo. Marekani humruhusu mtu wa tatu kuongeza udhamini wake pato likipungua, lakini Uingereza kwa kawaida haihesabu msaada wa ndugu wala mshahara ambao mwombaji anaupata ng'ambo. Kama hofu ingekuwa mzigo wa matunzo peke yake, fedha hizo zisingepuuzwa.

Wakati masharti ya ugenini yakizidi kukaza, Kenya iliziba pengo la zamani. Sheria ya Ndoa ya 2014 iliweka ndoa zote chini ya usajili, na tangu Agosti 2017 ndoa za kimila zimekuwa zikipewa vyeti. Wanandoa wanatakiwa kumjulisha Msajili ndani ya miezi mitatu baada ya taratibu za kimila kukamilika.

Pato huamuliwa na soko la kazi la mbali, na kanuni za makazi hutungwa na mabunge ambayo Kinakomba haiyachagui. Cheti ni jambo tofauti: wazee wanaoshuhudia ndoa leo wanaweza kuwahimiza maharusi waisajili mapema, kabla safari yoyote haijafikiriwa. Kwa kufanya hivyo, ushahidi wa kijiji, uliokataliwa mahakamani mwaka 1917, utakuwa na uzito hata mbele ya afisa wa viza.