Bonasi na Bakshishi

Anayeandika mkataba wa kazi kwa Kiswahili hapati taabu na neno mshahara. Limetoka kwenye neno la Kiarabu lenye maana ya mwezi, na mpaka leo mshahara ni ujira wa mwezi. Taabu huanza kwenye fedha inayokuja juu yake. Huyu ataandika bakshishi, yule marupurupu, mwingine zawadi, na wote wanakusudia bonasi.

Bakshishi, au bahashishi, tumeipata kwa Waajemi. Anayetoa bakshishi hutoa kwa moyo wake. Mhudumu wa hoteli ya Mji Mkongwe, Zanzibar, hana pa kumdai mgeni aliyeondoka bila kumwachia kitu. Posho ina historia nyingine. Ilikuwa chakula cha kupimiwa, walichopewa wapagazi wa misafara, na Uganda posho ni ugali hadi leo. Ndiyo maana posho ya safari humsaidia mtu kula na kulala awapo njiani; haimpongezi kwa lolote. Marupurupu ni kapu: humo mna posho, nyumba, gari, hata vocha ya simu.

Malipo ya saa za ziada yasichanganywe na hayo. Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka saa ya ziada ilipwe si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa msingi. Hiyo ni haki, na haingoji ukarimu wa bosi.

Sasa bonasi. Kwa Kilatini asili yake ni neno lenye maana ya jema. Kazini ni fedha inayolipwa juu ya mshahara kwa sababu lengo limefikiwa au faida imepatikana: muuzaji amevuka kiwango chake, kiwanda kimefunga mwaka vizuri. Ina sababu, na sababu hiyo inaweza kupimwa. Ukiiita bakshishi umemnyang'anya mfanyakazi hoja yake, kwani mwajiri atamjibu kwamba ilikuwa hisani tu.

Neno ninalolipenda kuliko yote haya ni kiinua mgongo. Unamwona mtu aliyeshinda ameinama shambani akinyooka, mkono kiunoni. Zamani liliweza kutajwa kwa tunzo ya yeyote aliyemaliza kazi nzito, na lingefaa sana kwa bonasi. Lakini siku hizi ukilitaja, watu wanafikiria mstaafu, au mbunge anayemaliza muhula. Kulirudisha nyuma kungeleta mkanganyiko.

Kwa hiyo bonasi na ibaki bonasi, ila itajwe aina yake: bonasi ya mauzo, bonasi ya uzalishaji, bonasi ya mwisho wa mwaka. Nawe msomaji, ukipewa mkataba, tafuta neno hilo, kisha tafuta kiwango, sharti na tarehe ya kulipwa. Ukikuta pameandikwa tu "kwa hiari ya mwajiri", hiyo uliyoahidiwa ni bakshishi. Omba irekebishwe kabla hujatia saini.