Jumatano ao siku ya tatu? Namna jamii za programu huria zinapatana juu ya maneno

Simu yako ikikuandikia «Jumatano», nani alichagua neno hilo? Si simu yenyewe. Ni watu, wengi wao bila mushahara, ndio walipendekeza, wakabishana, kisha wakapatana. Makala hii inaeleza namna mapatano hayo yanafanyika, na kwa nini yanatuhusu sisi wa Ituri, Kivu zote mbili, Maniema na Tanganyika.

Programu huria ni nini?

Ni programu ya ordinateri ao ya simu yenye kila mutu ana ruhusa ya kuitumia, kuangalia namna ilitengenezwa, kuigeuza na kuigawia wengine. Kwa Kifaransa wanaita «logiciel libre». Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, ni mojawapo, na kiini chake kiko ndani ya kila simu ya Android. LibreOffice, yenye kuandikia barua na kupiga hesabu, ni nyingine. Tena kuna DHIS2, kutoka Chuo Kikuu cha Oslo huko Norwe: ndiyo wizara ya afya ya nchi yetu inatumia kwa kukusanya hesabu za magonjwa na chanjo kutoka maeneo ya afya mupaka Kinshasa.

Wenye kutengeneza programu za namna hii hawakai fasi moja. Mumoja yuko Brazil, mwengine India, mwengine Nairobi. Mara nyingi hawana patron mumoja wa kuwaamuru. Ndiyo maana inaomba wapatane: kitu hiki tutakiita namna gani?

Neno moja kwa kitu kimoja

Kazi ya kwanza ya kikundi cha watafsiri ni kutengeneza orodha ya maneno. Kwa kila kitu wanachagua neno moja, wanaandika maana yake, na mufano wa fasi linatumika.

Tutwae mufano wa «mot de passe». Kwa Kiswahili utakuta nywila, nenosiri na neno la siri. Yote matatu yanaeleweka. Lakini kama programu inaomba nywila mwanzoni, kisha mbele kidogo inaomba nenosiri, mutumiaji atazani ni vitu viwili. Kwa hiyo watafsiri hawatafuti kwanza neno tamu kuliko yote. Wanatafuta neno lenye wote watakubali kulifuata.

Njia ni hii: mutu anapendekeza, wengine wanasoma na kusahihisha, kisha musimamizi anakubali. Mozilla, yenye kutengeneza Firefox, inatumia chombo kinaitwa Pontoon. LibreOffice inatumia Weblate. Pendekezo linabaki limeandikwa, na mutu mwengine anaweza kurudi kulijadili.

Kwa Kiswahili, kazi hii ina zaidi ya miaka 20. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux, uliofanyika pamoja na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Mbele ya kutafsiri, walipaswa kukusanya maneno ya kompyuta na kuyapanga. Maneno hayo yalichaguliwa Tanzania, na watu wa Tanzania. Si kosa lao: ni wao walikuwa kwenye meza.

Wakati neno linaumiza

Mapatano hayahusu tafsiri tu. Kwa miaka mingi wataalamu walitumia maneno ya Kiingereza yenye maana ya «bwana» na «mutumwa» kwa kusema mashine moja inaongoza na nyingine inafuata. Mwaka 2014 jamii ya Django iliyaondoa. Mwaka 2018 ikawa zamu ya Python. Kulikuwa mabishano makali: wengine walisema ni maneno ya ufundi tu, hayamugusi mutu. Mwishoni Guido van Rossum, mwanzilishi wa Python, alifunga mabishano, na sehemu kubwa ya maneno hayo ikabadilishwa na mengine kama «mzazi» na «mufanyakazi».

Mutu wa Kasongo ao wa Nyangwe, fasi misafara ya watumwa ilipita katika karne ya 19, anaelewa kwa nini neno kama hilo si la ufundi tu.

Siku mbili za tofauti

Sasa turudi kwa siku za juma. Pwani ya Afrika Mashariki hesabu inaanza kisha Ijumaa, siku ya sala ya Waislamu: Jumamosi ni ya kwanza, Jumapili ya pili, Jumatatu ya tatu. Kwetu, wengi wanaanza hesabu kwa siku ya kwanza ya kazi, kisha siku ya yenga. Kwa hiyo lundi ni siku ya kwanza, ao kazi moja.

Matokeo ni haya: Jumatano ni siku ya tatu kwetu, lakini mwenye kusikia «tano» ndani yake anaweza kufikiri siku ya tano, ni kusema vendredi. Wazia mama amepokea ujumbe: «Lete mutoto kwa chanjo Jumatano.» Kama hakuzoea Kiswahili cha pwani, anaweza kufika siku mbili kisha, na kukuta chanjo haitolewi siku hiyo. Hakuna mwenye kukosa Kiswahili hapa. Ni mapatano ndiyo yanakosekana.

Nani anapanga majina ya siku?

Simu za Android na iPhone zinachota majina ya siku na miezi katika hazina moja inaitwa CLDR, inayosimamiwa na Unicode. Kiswahili cha Congo kiliwahi kuwekwa humo peke yake, na alama «swc». Siku ziliandikwa «siku ya yenga», «siku ya kwanza». Miezi «mwezi ya kwanja», «mwezi ya pili». Baadaye Congo iliwekwa chini ya Kiswahili kimoja, na alama «sw-CD», karibu na Kenya na Uganda.

Mutu yeyote anaweza kuomba kushiriki. Lakini kura ya mutu peke yake ina uzito mudogo kuliko kura ya mwakilishi wa shirika ao kampuni kubwa.

Tunaweza kuanzia wapi?

Kwanza ni kupatana sisi wenyewe, maana mutu wa Bunia, wa Kindu na wa Kalemie hawasemi sawasawa. Walimu, wauguzi, wanafunzi wa informatike na wanahabari wanaweza kukaa pamoja na maneno 30 tu, kuandika kila moja watu wanaliita namna gani, na kuchagua. Kisha kupeleka orodha kwa kikundi cha watafsiri, pamoja na sababu.

Kwa sasa, mwenye kutuma ujumbe wa siku ya chanjo, ya mutihani ao ya mukutano, aandike na tarehe: «Jumatano, tarehe 12». Tarehe 12 ni tarehe 12, Dar es Salaam na Uvira.