Cley: Bunduki Ilivyoipisha Darubini

Novemba inapofika katika kijiji cha Cley, pwani ya Norfolk mashariki mwa Uingereza, mbayuwayu wamekwisha kushika njia ya Afrika Kusini. Wanaoingia sasa ni mabata bukini: wenye miguu ya waridi kutoka Iceland na Greenland, na wale wadogo weusi kutoka Siberia. Siku kama hiyo huwakuta marafiki wawili watatu, makoti mazito mwilini na darubini shingoni, wakipita juu ya tuta liitwalo East Bank huku wakibishana kwa sauti ya chini juu ya ndege aliyejificha ndani ya matete.

Zamani waliopita hapo walibeba bunduki.

Katika karne ya 19 mabwana wenye fedha walifika Cley kila vuli kutafuta ndege adimu waliosukumwa na upepo wa mashariki. Ndege asiyejulikana alipigwa risasi kwanza, jina lake likatafutwa baadaye. Tusiwahukumu kwa haraka: darubini za enzi hizo zilikuwa hafifu, vitabu vya kuchukua mfukoni havikuwepo, na wataalamu hawakuamini taarifa isiyo na mzoga. Mzoga ndio uliokuwa ushahidi. Wengi waliouawa walifikishwa kwa Henry Pashley, fundi wa kijiji hicho aliyekausha ndege na kuwajaza waonekane kama wako hai. Kumbukumbu zake zilichapishwa mwaka 1925, mwaka aliofariki. Ni hazina ya historia, ingawa kurasa zake zimejaa vifo.

Hasara ilikuwa kubwa. Avoseti, ndege mweupe mwenye mabaka meusi na mdomo uliopinda kwenda juu, aliacha kuzaliana Uingereza kufikia miaka ya 1840. Mabwawa yalikaushwa, mayai yakaokotwa kwa ajili ya chakula, na bunduki zikamaliza waliosalia.

Mwaka 1926 bwawa la Cley, zaidi ya ekari 400, lilipigwa mnada. Dkt. Sydney Long, tabibu wa Norwich, aliwashirikisha rafiki zake wakalinunua kwa zaidi ya pauni 5,000 ili liwe hifadhi ya ndege daima. Mwaka huohuo walianzisha amana ya kulisimamia, ya kwanza ya aina yake katika kaunti za Uingereza. Leo nchi nzima ina amana za namna hiyo.

Lakini ununuzi wa ardhi peke yake usingetosha, kwa kuwa swali la ushahidi lilibaki. Kwa maoni yangu, jibu lake lilitokana na urafiki. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Richard Richardson, mchoraji aliyejifundisha mwenyewe, alihamia Cley. Picha zake zilipamba kitabu cha mfukoni cha ndege kilichotoka mwaka 1952, na kwa miaka mingi alisimama pale East Bank akiwaonyesha vijana jinsi ya kumtambua ndege kwa mwendo wake, mlio wake na mstari wa bawa lake. Macho manne matano yaliyokubaliana yakachukua nafasi ya mzoga. Jioni watu walikusanyika kwenye mgahawa wa Nancy, na simu ilipolia, aliyekuwa karibu nayo aliipokea na kumweleza mpigaji, popote alipo, ndege gani wameonekana siku hiyo. Mgahawa huo ulifungwa mwaka 1988.

Richardson alifariki mwaka 1977, mwaka ambao avoseti walianza tena kutaga Cley.

Januari 2008 shomoro mwenye utosi mweupe, mkazi wa Amerika Kaskazini, alitua kwenye bustani ya nyumba moja kijijini. Watu walipanga foleni kumtazama, wakachanga zaidi ya pauni 6,000 za kukarabati kanisa, na sura yake ikachorwa kwenye kioo cha dirisha la kanisa hilo. Angetua miaka mia moja mapema, angeishia mezani kwa Pashley.